Injini Inayokula Oili: Maarifa ya Ufundi katika Vitenzi vya Kiswahili



1. Utangulizi

Nakushukuruni kwa heshima mliyonipa ya kuzungumza nanyi hapa Tibirinzi. Najua wapo waliotarajia niseme juu ya ngeli, au juu ya lahaja za kisiwa hiki. Badala yake nitazungumzia injini ndogo ya petroli, na ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba magari madogo yamekuwa sehemu ya maisha yetu ya kila siku, na lugha inayotumika kuyatengeneza ni Kiswahili. Ya pili ni ya kibinafsi: niliwahi kuiua injini ya aina hiyo kwa sababu sikuelewa kitenzi kimoja cha Kiswahili, mimi niliyefundisha vitenzi kwa zaidi ya miaka 30.

Hoja yangu ni kwamba maarifa ya ufundi katika Kiswahili yamehifadhiwa katika vitenzi zaidi kuliko katika majina, ilhali sisi wanaleksikografia tumeelekeza nguvu zetu zaidi kwenye majina.

2. Lugha ya tarakimu

Tuchukue mfano mmoja. Injini inayoitwa 1KR-FE ilibuniwa na kampuni ya Daihatsu ya Japani. Ilianza kuonekana mwaka 2004 katika Toyota Passo na ndugu yake Daihatsu Boon, na mwaka 2005 ikawekwa katika Toyota Vitz ya toleo la pili. Ina silinda 3 na vali 12. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 71, na mwendo wa pistoni kutoka juu hadi chini ni takriban milimita 84. Ukizidisha eneo la duara la silinda kwa mwendo huo, kisha ukazidisha kwa 3, unapata sentimita za ujazo 996. Uwiano wa mgandamizo wake ni 10.5 kwa 1. Yaani, mchanganyiko wa hewa na petroli hubanwa hadi karibu sehemu moja ya kumi ya nafasi yake kabla ya plagi kutoa cheche. Oili inayohitaji ni zaidi kidogo ya lita 3.

Tarakimu hizi si mapambo. Kwa miaka mingi ushuru wa magari nchini umepangwa kwa ujazo wa injini, na mpaka mmojawapo ni 1,000. Ndiyo maana wauzaji hutangaza gari la “sisi 990”. Herufi mbili za kipimo cha kigeni zimefanana kimatamshi na kiwakilishi chetu cha nafsi ya kwanza wingi, na hakuna anayechanganyikiwa.

Hata hivyo, tarakimu hueleza injini ilivyotoka kiwandani. Hazielezi injini hiyo ilivyo leo, baada ya miaka 15 na wamiliki watatu. Kwa hilo tunahitaji lugha nyingine.

3. Majina ya gereji

Majina ya vifaa vya gari yanatufundisha historia ya pwani hii. Gari lenyewe ni neno lililotoka Bara Hindi. Parafujo tuliipata kwa Wareno. Usukani una asili ya Kiarabu, na ulikuwa wa chombo cha baharini kabla haujawa wa gari. Babu zetu waliushika kwenye jahazi, nasi tunaushika barabarani. Plagi, pistoni, gasketi, rejeta na spana zimetoka Kiingereza.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, kazi kubwa na ya kupongezwa imefanywa katika uundaji wa istilahi. Lakini mwenye kusikiliza gerejini atagundua kuwa fundi hapati shida ya majina. Jina likikosekana, ataonyesha kifaa kwa kidole. Ugonjwa wa injini hauonyeshwi kwa kidole. Huo hauna budi kusemwa, na husemwa kwa kitenzi.

4. Kunywa, kula na kuvuja

Gari langu lilikuwa Vitz ya injini niliyoieleza, nami nililinunua likiwa limekwishatumika. Siku moja fundi kijana, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa mwenzangu mmoja, aliniambia, “Mwalimu, hii gari inakula oili.” Nikapiga goti nikachungulia chini. Mchanga ulikuwa mkavu. Nikamuuliza, “Mbona sioni hata tone?” Akajibu, “Sikusema inavuja, Mwalimu. Nimesema inakula.” Nilicheka, nikidhani anacheza na maneno.

Hakuwa anacheza. Mafundi hutofautisha vitenzi vitatu kwa uangalifu. Gari hunywa petroli: hiyo ni riziki yake ya halali, na lawama huja tu pale inapokunywa sana. Gari huvuja maji au oili: kitu kimetoka nje kupitia gasketi, sili au hosi iliyochoka, na alama yake huonekana chini. Lakini gari linapokula oili, hapana kinachotoka nje kwa macho.

Pistoni huvaa ringi tatu. Mbili za juu huzuia mgandamizo usitoroke, na ya chini huikwangua oili kutoka ukutani mwa silinda ili irudi ilikotoka. Oili isipobadilishwa kwa wakati, masizi huigandisha ringi hiyo ya chini ikashindwa kukwangua. Oili ikabaki ukutani, ikaingia penye moto na kuungua pamoja na petroli. Dalili yake ni moshi wa rangi ya samawati kwenye ekzosi, tena pengine hafifu mno hata mwenye gari asiutambue.

Kwa nini basi “kula”? Tazameni matumizi ya kitenzi hiki nje ya chakula. Kutu hula chuma. Mtumishi asiye mwaminifu hula fedha za umma. Mtu hula amana aliyowekewa. Katika matumizi haya kitu kinateketezwa na kile au yule ambaye hakikuwa chake. Petroli hupewa injini iitumie, ama oili hukabidhiwa tu: izunguke, ilainishe, kisha irudi. Injini inayokula oili inakula amana. Utambuzi wote wa maradhi, pamoja na onyo kwamba usitafute tone chini, ulikuwa ndani ya kitenzi kile kimoja.

5. Kuchemsha na kumisi

Mfano wa pili ni “gari imechemsha”. Mwanafunzi wa sarufi atauliza kwa nini isiwe “imechemka”, maana hakuna yambwa iliyotajwa. Yambwa ipo, imefichwa: gari limechemsha maji yake. Sababu za kawaida ni pampu ya maji inayovuja, feni isiyozunguka, au rejeta iliyoziba. Wapo wanaotia maji ya kisima yenye chokaa na chumvi mwaka hadi mwaka, na wapo wanaoing’oa themostati wakidhani ndiyo mkosaji.

Hapa kitenzi kina mpaka wake, na yafaa tuuseme. Ili gari lichemshe, sharti kuwe na maji. Yakikauka kabisa, kisoma-joto kilichopaswa kuzama ndani yake huweza kubaki katika mvuke au hewa na kutoa taarifa isiyo sahihi. Vitz nyingi za toleo lile hazina mshale wa joto. Zina taa ya buluu kwa injini baridi na nyekundu kwa injini iliyozidi moto. Dereva anayesema “haijachemsha” kwa kuwa hajaona taa nyekundu anaweza kuwa anaendesha injini isiyo na kitu cha kuchemsha.

Mfano wa tatu ni “inamisi”, yaani silinda moja haichomi sawasawa, mara nyingi kwa ubovu wa plagi au koili. Kwa injini ya silinda 3, kukosa moja ni kukosa theluthi. Kimofolojia kitenzi hiki kimekaa palepale walipokaa kurudi, kufikiri na kujibu: vitenzi vya mkopo vinavyobakisha irabu zao za mwisho. Husemwa “haimisi” kama vile husemwa “harudi”. Asemaye kuwa lugha ya gereji haina sarufi hajaisikiliza.

6. Kunoki na kunokisha

Fundi alinishauri nipime oili kwa kijiti chake kila wiki. Sikufanya hivyo. Niliitegemea taa ya oili, nisijue kuwa taa ile huonya juu ya shinikizo, si juu ya kiasi. Inapowaka, muda uliobaki ni mchache.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa nikimpeleka dada yangu bandarini Mkoani, akapande boti kwenda Unguja kwa matibabu. Tulipopita Mtambile taa iliwaka. Nikasema moyoni tufike kwanza. Kabla ya kufika, nilisikia mgongano wa chuma kwa chuma kutoka chini ya boneti, kisha injini ikazima. Beringi za konrodi zilikuwa zimekosa oili. Boti ilituacha, na dada yangu alisafiri siku ya tatu yake. Hakunilaumu, na hilo ndilo lililonielemea zaidi.

Nilipoonana na fundi nilimwambia, “Injini imenoki.” Akanijibu kwa adabu, “Imenokishwa, Mwalimu.”

Zingatieni mnyambuliko. Kunoki ni jambo linalotokea. Kunokisha, kwa kiambishi cha usababishi, kunamtaka mtu aliyelifanya litokee. Kauli ya kutendwa iliniruhusu nisitajwe jina, lakini haikuniondoa katika sentensi. Kwa neno moja la asili ya Kiingereza na viambishi vya Kibantu, kijana yule alisema ukweli na akahifadhi heshima ya mzee.

7. Hitimisho

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kamusi zetu za fani zivipe vitenzi vya mafundi vidahizo vyake, na maelezo ya “kula oili” yatofautishwe na ya “kuvuja oili” kwa uangalifu uleule tunaoutumia kutofautisha visawe katika ushairi. Pili, wanafunzi wa isimu waende gerejini na daftari, wakasikilize kabla ya kusahihisha. Wasiende kuwafundisha mafundi jina sanifu la pistoni. Waende kujifunza injini inasema nini inapoumwa, na nani huielewa.

Lugha niliyoitafuta vitabuni nilisemeshwa nayo kwa upole, mkono wa msemaji ukiwa na grisi. Sikuisikia, na gharama yake aliibeba mgonjwa. Naomba ninyi msikie.