Kutembelea Idjwi: Ufalme Usio na Magofu

Mada kwa semina ya waongoza watalii, Goma



Mgeni anayepanda boti hapa Goma kwenda kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, huwa ameshasimuliwa uzuri wake: ghuba zinazopindapinda, migomba inayoteremka hadi majini, mananasi, ziwa lisilo na mamba wala viboko. Ni kweli tupu. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi tunamrudisha jioni bila kumwambia kuwa amekanyaga ardhi ya ufalme.

Aliyezoea magofu ya Kilwa Kisiwani au Gede hutafuta kuta za mawe. Idjwi hazipo. Makao ya bami, yaani wafalme, yalikuwa ya miti na majani, nayo yalishaoza. Zimebaki koo. Mwanahistoria David Newbury, aliyefanya utafiti kisiwani miaka ya 1970, alieleza katika kitabu chake cha 1991 jinsi ufalme ulivyojengeka kati ya 1780 na 1840 chini ya ukoo wa kifalme wa Basibula, na jinsi koo zenyewe zilivyopata sura kwa kuujenga. Ukitaka kuuona ufalme huo, uliza habari za muganuro, sherehe ya malimbuko. Mavuno ya kwanza yalipoletwa kwa mwami, kila ukoo ulikuwa na majukumu yake, na humo ndimo kila mmoja alijua yeye ni nani kisiwani. Mzee akikusimulia hayo ameketi barazani kwake, hapo ndipo penye jumba la makumbusho.

Mengine tuyataje kwa ufupi. Mfalme Rwabugiri wa Rwanda alikivamia kisiwa, kikawa mikononi mwake hadi alipofariki mwaka 1895. Mpaka wa kikoloni wa 1910 ukaiweka Idjwi upande wa Kongo ya Wabelgiji. Wajerumani, waliotawala Rwanda, wakaiteka Septemba 1914, Wabelgiji wakairudisha 1916.

Kuhusu safari yenyewe, boti iliyosheheni tuikatae, hata mgeni akikasirika. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, ikitoka Minova, ilizama ikikaribia bandari ya Kituku hapa Goma, watu wakiitazama kutoka ufukoni. Jaketi la kuokolea livaliwe kabla ya kamba kufunguliwa.

Tukifika, twende kwanza kujitambulisha kwenye sheferi, yaani utawala wa kimila: Rubenga kaskazini, Ntambuka kusini. Mzee wa ukoo asimulie mwenyewe kwa Kihavu, lugha ya kisiwani, sisi tutafsiri, na malipo yake yawe ndani ya bei ya safari, si bakshishi ya kuachiwa huruma ya mgeni.

Sitaki kuwasahau Wambuti, watu wa misitu ya kisiwa. Walikuwepo kabla ya ufalme, na leo wengi wao hawana ardhi ya kulima. Kuwapelekea mgeni ili wacheze ngoma dakika kumi apige picha kunaniumiza. Tuwaombe wasimulie misitu yao ilikuwa wapi, walipwe sawa na mzee wa ukoo mwingine yeyote, na wakisema leo hawapokei wageni, boti igeuze.