Aliyeuliza na Arudi

Nina dai moja: katika jumuiya yoyote ya mafundi, mwenye deni kubwa si yule anayejua jibu. Ni aliyeuliza.

Tuchukue simu iliyokwama kwenye nembo. Fundi wa hapa Gitambi, Rwanda, anaandika kwenye kundi la WhatsApp ambalo wenzake wako Kamembe, Bujumbura, hata Kariakoo. Mmoja anamtumia faili ya programu: flash na hii. Simu inawaka, anajibu kwa kidole gumba, anamrudishia mteja mali yake. Kesho fundi mwingine anaichukua faili hiyohiyo na kuiua simu kabisa. Simu mbili zenye jina moja mgongoni huweza kuwa na bodi tofauti ndani, na programu ya moja haikubaliani na nyingine. Kulikosekana mistari miwili tu: bodi ni ipi, toleo la programu ni lipi, simu ilifanywa nini kabla, na je, imeendelea kufanya kazi? Aliyejibu hawezi kuiandika mistari hiyo, kwani simu hakuwa nayo mkononi.

Jeff Atwood na Joel Spolsky walipoanzisha Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya waandishi wa programu, mwaka 2008, walimpa muulizaji mwenyewe haki ya kutia alama ya kijani kwenye jibu lililomsaidia. Uamuzi wa busara, ingawa una kasoro: programu hubadilika, alama inabaki palepale. Mwaka 2021 tovuti hiyo ikaacha kulishikiza jibu hilo juu ya mengine yote.

Sisi kwetu tatizo linaanzia mapema zaidi, kwenye ujumbe wa sauti. Naelewa, mikono imeshika kazi na kuongea ni haraka. Lakini sauti ya dakika nne iliyorekodiwa karibu na kinu cha kusaga, nani ataitafuta mwakani kwa jina la simu? Andikeni, hata kwa kifupi. Kinyarwanda sawa, Kiswahili sawa. Tangu 2017 nacho ni lugha rasmi ya nchi hii.

Najua pingamizi linalokuja, nimekwisha kuisikia minong'ono yake: siri ya kazi ndiyo ugali wangu, nikiiandika, mteja atahamia kwa jirani. Hofu hiyo si ya kipuuzi. Ila tazameni Nairobi. Mwaka 2000 kampuni za intaneti zilizokuwa zikinyang'anyana wateja zilikubaliana kuunganisha mitandao yao mahali pamoja, KIXP, kwa sababu barua pepe kati ya ofisi mbili za mji huohuo ilikuwa ikipanda setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Telkom Kenya ikalalamika, na baada ya wiki kama mbili mamlaka ya mawasiliano ikafunga mtambo. Ulirudi kwa leseni Februari 2002. Wahandisi wa kampuni hizo hawakusimulia ushindi peke yake. Walieleza pia walikokwama, kwamba nyaya hazikuwa shida, shida ilikuwa leseni. Na kampuni zile ziliendelea kunyang'anyana wateja kama kawaida. Kigali ilipofungua kituo chake, RINEX, mwaka 2004, kisa cha Nairobi kilikuwa tayari kinajulikana kwa wahandisi wa mitandao, pamoja na sehemu yake chungu.