TWENDE TUKAONE KOLO: MAPUMZIKO YA MKULIMA BAADA YA MAVUNO

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya kikundi cha wanakisomo mkoani Dodoma. Tunayachapa ili vikundi vingine navyo viyasome kwa sauti na kuyajadili.)



Leo sitazungumza juu ya mbolea wala juu ya vyoo. Nitazungumza juu ya mapumziko. Najua wengine mtacheka. Mtasema, "Mapumziko ni ya watu wa ofisi. Wao wana Jumamosi na Jumapili. Sisi ng'ombe wetu hawajui Jumapili."

Ni kweli, ng'ombe hajui Jumapili. Lakini hivi kweli mkulima hakupumzika tangu zamani? Wazee wetu walipomaliza kuvuna uwele na mtama walipiga ngoma. Walikwenda kuwatembelea wakwe na ndugu wa mbali. Mapumziko yetu yalikuwa na majira yake, nayo ni kiangazi. Mvua yetu hunyesha hasa kuanzia Desemba mpaka Aprili. Mwezi wa Juni na wa Julai ghala lina kitu, na asubuhi kuna baridi. Huo ndio wakati wa kutembea.

Basi nauliza: tukitembea, twende wapi? Mimi nasema twende Kolo.

KOLO NI WAPI, NA KUNA NINI?

Kolo ni kijiji cha wilaya ya Kondoa. Kiko katika barabara kuu ya kwenda Babati na Arusha. Kutoka Dodoma mjini ni kama kilomita 180. Zamani safari hiyo ilikuwa ya vumbi na ya kukwama. Barabara ya lami kutoka Dodoma mpaka Babati ilizinduliwa mwaka 2018, na sasa mtu hupanda basi asubuhi akafika mapema.

Katika milima ya upande huo kuna miamba mikubwa. Miamba mingine imeinama mbele kama paa la nyumba. Chini ya paa hizo watu wa kale walikaa kivulini, wakachora picha juu ya jiwe. Wamechora twiga, tembo, pofu na watu wembamba warefu. Mahali penye picha ni zaidi ya 150. Picha hizo zimekuwa zikichorwa kwa muda usiopungua miaka 2,000.

Nani alizichora? Wataalamu wanasema picha nyekundu ni kazi ya watu walioishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi. Wengi wanawahusisha na ndugu zetu Wasandawe, wale wa Farkwa na Kwamtoro, ambao lugha yao ina sauti za kugonga ulimi. Picha nyeupe zinahesabiwa kuwa ni za baadaye, za watu waliolima na kufuga.

Mwaka 1951 mtaalamu mmoja, mama Mary Leakey, alikaa Kondoa akinakili picha hizo. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliiingiza michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Maana yake ni kwamba picha hizo zinahesabiwa kuwa mali ya watu wote, wa leo na wa kesho. Watu hutoka Ulaya na Marekani kuja kuziona. Je, sisi wa mkoa huu huu, ni wangapi tumeziona?

KWA NINI NASEMA TUENDE SISI?

Kwanza, kwa sababu ni karibu. Mtu akisikia "utalii" anafikiri ni Mzungu mwenye kamera. Sivyo. Utalii ni kwenda kuona. Macho ni yako, na nchi ni yako.

Pili, njiani kuna somo. Ukikaribia Kondoa utaona makorongo makubwa. Ardhi hiyo iliwahi kuharibika vibaya kwa mifugo mingi na kukata miti. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ulioitwa HADO. Mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililoharibika. Jambo hilo liliwauma wafugaji sana, maana mtu na ng'ombe wake hawatengani kirahisi. Lakini nyasi zilirudi, na miti ikaota tena. Mkulima akiona hayo kwa macho yake ataelewa kuliko kuhubiriwa siku kumi.

Tatu, kwa sababu picha zile ziko hatarini. Hili ndilo jambo langu kubwa leo.

PICHA ZINAKUFA NAMNA GANI?

Jua, upepo na mvua huzila polepole. Hatuwezi kulizuia jua. Lakini kuna madhara yanayoletwa na mkono wa mtu. Sikilizeni.

Wako wanaomwagia maji ili picha ionekane vizuri. Kweli itang'aa kwa dakika chache. Lakini maji yakikauka huacha chumvi juu ya jiwe, na chumvi hiyo hufunika picha kwa utando mweupe. Umeona leo, mjukuu wako hataona.

Wako wanaogusa. Mkono una jasho na mafuta. Mtu mmoja akigusa huoni kitu. Wakigusa watu elfu moja, rangi inakwisha.

Wako wanaokoka moto chini ya mwamba. Moshi hupanda, masizi hushika picha.

Wako wanaochimba. Ati Wajerumani walificha mali huko walipokimbia vita ya mwaka 1914 mpaka 1918. Jamani! Watu wamechimba mashimo chini ya picha wakitafuta mali ya hadithi. Katika udongo ule kuna majivu, vipande vya vyungu na mawe ya kazi ya watu wa kale. Vitu hivyo ndivyo vinavyowaambia wataalamu wenye picha waliishi namna gani. Ukichimbua ovyo ni sawa na kuchana kurasa za kitabu kabla hakijasomwa.

Halafu wako wanaoandika majina yao. Hapa naomba wanakisomo mnisikilize zaidi. Mtu aliyejifunza kuandika ana furaha. Akiona ukuta anataka kuandika jina lake. Mimi sigombi na furaha hiyo. Andika jina lako katika daftari, katika kadi, katika barua ya mwanao. Lakini usiandike Kolo, wala kwa mkaa, wala kwa jiwe. Wale wazee hawakuwa na herufi. Picha ndiyo barua yao. Haifai kuandika juu ya barua ya mtu mwingine.

MAHALI HAPO NI PA HESHIMA

Huko Kolo kuna mwamba uitwao Mongomi. Mpaka leo wako wazee wa pale wanaokwenda kuomba mvua na kuombea wagonjwa. Pengine pombe hunyunyizwa mwambani katika matambiko. Wataalamu wanasema pombe hiyo huharibu rangi. Wazee nao wanasema mahali hapo ni pao tangu enzi. Sisi wageni kazi yetu si kuamua ugomvi. Kazi yetu ni kwenda kwa adabu. Tusicheke na tusipige kelele. Ukikuta kitu kimewekwa, kiache. Ninavyoona mimi, jambo hili litamalizwa kwa wazee na wataalamu kukaa pamoja chini ya mti. Amri peke yake haitoshi.

TUJIANDAE VIPI?

Sasa mtauliza, "Mwalimu, fedha iko wapi?" Haya, tufanye hesabu, maana hesabu tumejifunza. Tuseme nauli, kiingilio na chakula ni shilingi 20,000 kwa mtu. Huo ni mfano tu. Kikundi kiulize bei yenyewe kabla ya kupanga. Ukiweka shilingi 500 kila wiki, zitatimia baada ya wiki 40. Ukianza mwanzoni mwa Oktoba, Julai unasafiri. Mweka hazina aandike kila senti, na daftari lisomwe mbele ya wote.

Jambo la pili ni nyumba. Nani atabaki na watoto? Nani atachunga mbuzi? Mara nyingi baba anaaga tu na kwenda, mama anabaki. Hiyo si haki. Mama ndiye anayeteka maji, anayetwanga na anayepika. Yeye ndiye anayehitaji zaidi kupumzika. Kikundi kigawanyike mara mbili. Nusu waende, nusu wabaki wakiangalia nyumba za wenzao. Safari nyingine wabadilishane.

Jambo la tatu ni jua. Sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Upepo wetu ni wa baridi, na mtu hudanganyika akafikiri jua halimchomi. Linamchoma. Fanyeni hivi:

1. Pandeni mlima asubuhi. Saa sita mpaka saa tisa kaeni kivulini.
2. Kila mtu awe na maji yake. Msingoje kiu. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, mwili umekauka.
3. Vaeni kofia pana, au jifunikeni kitenge. Makatambuga yafungwe vizuri, maana mwisho wa njia ni mlima wenye mawe.
4. Mtu akisikia kizunguzungu na kichwa kuuma, akae kivulini na anywe maji kidogo kidogo. Lita moja ya maji safi, tia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Akichanganyikiwa au akizimia, msimnyweshe kitu. Mwagieni maji mwilini, mpepeeni, na mpelekeni hospitali upesi.
5. Chukueni chakula kisichoharibika haraka: karanga za kukaanga, viazi vitamu vya kuchemsha, ubuyu. Takataka zote zirudi nyumbani.

Mkifika Kolo msipande moja kwa moja. Nendeni kwanza kwenye ofisi ya serikali inayotunza mahali hapo. Mtalipa kiingilio na kupewa mtu wa kuwaongoza. Kutoka kijijini mpaka kwenye picha zinazojulikana zaidi ni kama kilomita tisa, kwa hiyo ulizeni mapema habari ya gari. Wazee wasitembezwe kwa miguu mwendo wote huo.

KAMA KOLO NI MBALI

Wasioweza kufika Kolo wasikae bure. Watu wa Dodoma mjini wana bwawa la Hombolo. Watu wa Singida wana ziwa Singidani, pembeni kabisa ya mji, lenye maji ya chumvi, na pengine ndege aina ya heroe hukusanyika hapo. Kaeni ukingoni, mle, mwimbe, watoto wakimbie. Lakini jihadharini na mabwawa ya maji baridi. Mengi yana konokono wanaoeneza kichocho. Mtoto asiogeleze mwili humo kwa sababu tu kuna joto. Kivuli cha mbuyu hakina kichocho.

Ndugu zangu, ardhi ya Kondoa ilipopumzishwa ilipata nguvu. Mtu naye ni hivyo hivyo. Nendeni mkapumzike, mkaone. Mkirudi, waelezeni watoto mliyoyaona, na waambieni wasiandike mwambani.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini haifai kumwagia maji picha za miambani?
2. Kikundi chenu kina watu wangapi? Kila mtu akiweka shilingi 500 kwa wiki, mtakuwa na shilingi ngapi baada ya wiki 40?
3. Katika kijiji chenu, nani hupumzika na nani hapumziki? Mtafanya nini juu ya jambo hilo?
4. Karibu nanyi kuna mahali gani pa kale panapohitaji kutunzwa?