Baba Akae Chini Acheze na Mwanawe

Maelezo ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi katika mkutano wa kamati za sharika



Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwanangu wa kwanza alipokuwa na miaka miwili, kila wiki nilikuwa safarini nikifundisha watu habari za maendeleo. Siku moja mama yake alikwenda msibani akaniachia mtoto. Alilia tangu asubuhi hadi mama aliporudi, hakukubali hata nimshike. Shahada ninayo, lakini kwa mtoto yule nilikuwa mgeni anayelala kwao.

Kwa hiyo sikuwalaumu akina baba tulipoanza kazi hii. Tuliwaita kwenye semina ya malezi. Viti vikajaa akina mama, na akina baba watatu waliofika walikaa karibu na mlango. (Posho haikuwepo, tusidanganyane.) Kosa lilikuwa letu. Tuliwaita wasikilize, hatukuwapa kazi.

Tukabadilisha utaratibu. Kila baba aje Jumamosi alasiri na mtoto wake wa chini ya miaka 5, alete waya, matambara, magunzi ya mahindi na majani makavu ya migomba. Tukatengeneza magari, mipira na wanasesere. Mtoto anashika, baba anafunga. Fundi uashi mmoja alikuja akisema yeye mambo ya watoto hayawezi. Jioni nilimkuta amekaa chini mavumbini, binti yake akimwamuru avute gari, naye anavuta.

Huo si mchezo wa kupoteza muda. Mtoto anapokuonyesha kuku nawe ukamjibu, akacheka nawe ukacheka, ubongo wake unajengeka, na katika miaka mitatu ya kwanza unajengeka kwa kasi kubwa. Jibu hilo baba anaweza kulitoa sawa na mama.

Wapo wanaouliza kama haya yanadumu. Jirani zetu wa Rwanda waliendesha mpango wa Bandebereho kati ya 2013 na 2015, akina baba wakikutana kwa vikundi hadi mara 15, na wake zao wakishiriki mara 8. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia hadi karibu miaka miwili tangu uanze: akina baba hao walishiriki zaidi kazi za nyumbani na kulea, na wake zao walitaja ukatili mdogo kuliko wenzao ambao hawakuwa kwenye mpango. Angalieni idadi ya vikao. Jumamosi moja haitoshi.

Sheria yetu ya Ajira ya 2004 inampa baba aliyeajiriwa angalau siku 3 za likizo mtoto anapozaliwa. Mkulima na dereva wa bodaboda hawana hata hizo, na ndio wengi katika sharika zetu. Basi ratiba ifuate shughuli zao. Msiweke siku ya mnada wala wakati wa kuchuma kahawa. Zungumzeni na akina mama pia, maana wapo wanaomnyang'anya baba mtoto kwa kuwa amemfunga nepi vibaya.

Kwa wafadhili: vifaa vya kuchezea hatuombi. Tunaomba nauli na mafunzo ya wawezeshaji, ili kila kikundi kifikishe angalau vikao 10.

Kamati ambazo hazijapanga Jumamosi zao zinione kabla ya chai. Kalenda ninayo hapa.