Jicho la Mashine: Kufunga na Kunyoosha Enkoda kwa Usalama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya teknolojia. Jambo hilo ni pana mno, na kwa kuwa tumeshakula wali, lingewalaza watu. Nimeomba nizungumze juu ya kitu kimoja kidogo kinachotosha kiganjani, ambacho mafundi wa mashine hukiita enkoda. Wengi wenu mnazo bila kujua: zimo ndani ya printa na katika mitambo ya lifti. Mimi nitasema habari za zile zinazofungwa katika mashine za kuchonga na kukereza chuma, kwa sababu huko ndiko ninakokula jasho langu.

Wale waliokaa viti vya nyuma katika maabara ya fizikia watakumbuka kwamba ukikunja chandarua kikawa tabaka mbili, ukakitazama kwenye mwanga, unaona mawimbi meusi na meupe. Sogeza tabaka moja kidogo tu, na mawimbi yanakimbia mbali. Lord Rayleigh alilieleza jambo hilo mwaka 1874 kwa vioo vilivyochorwa mistari. Katika miaka ya 1950 wahandisi wa Ferranti kule Edinburgh walilitumia kuongoza mashine za kuchonga chuma. Enkoda ya mwanga ni chandarua hicho: kisahani au rula ya kioo yenye mistari myembamba sana, taa ndogo upande mmoja, na macho ya umeme upande wa pili. Kioo kikisogea, mwanga unakatika na kurudi, na mashine inahesabu.

Macho hayo hutoa alama mbili, A na B, zilizopishana kwa robo ya hatua. Kwa kuangalia ipi imetangulia, mashine inajua inaenda mbele au inarudi nyuma. Kisahani chenye mistari 2,500 hutoa hesabu 10,000 kwa mzunguko mmoja, maana kila mstari unahesabiwa mara nne. Kikifungwa kwenye skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, kila hesabu ni nusu ya maikroni. Unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi. Basi mtaona kwa nini fundi anayekuja na nyundo hukaribishwa chai kwanza, akae mbali.

Kabla ya kufika kwenye upimaji, niseme juu ya mikono ya watu, maana enkoda yenyewe haiumi mtu. Kinachoumiza ni mota inayoitii.

Katika kiwanda kimoja nilichowahi kufanya kazi, waya wa enkoda ulikatika, ukaungwa na mtu aliyebadilisha A na B. Kwa macho kazi ilikuwa safi. Umeme ulipowashwa, meza ilisogea kidogo upande wa kulia. Enkoda ikatoa taarifa kwamba imesogea kushoto. Kidhibiti kikajitahidi kusahihisha, kwa kusukuma zaidi kulia, na kadiri kilivyosahihisha ndivyo kosa lilivyozidi. Meza ile, yenye uzito wa kilo mia kadhaa, ilikimbia mpaka ikagonga mwisho wa njia yake. Msimamizi wetu alikuwa amekataza mtu yeyote kuinama juu ya mashine wakati wa jaribio la kwanza, na kijana aliyezoea kushika pale kwa mkono alikuwa amesimama nyuma ya mstari wa njano, akinung'unika kwamba anacheleweshwa. Leo ana vidole kumi.

Kwa hiyo utaratibu ni huu. Zima swichi kuu, tia kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwako mwenyewe, usiwe wa kuning'inia ukutani. Ngoja muda ulioandikwa kwenye kidhibiti kabla ya kufungua, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuzimwa. Kama ni mhimili wa wima, weka gogo imara au nguzo chini yake kwanza. Hapo wengi hujisahau: mara nyingi breki imo ndani ya mota, na ukiitoa mota umeitoa breki pia, kichwa cha mashine kitashuka kama nazi. Usichomeke wala kuchomoa plagi ya enkoda huku ina umeme.

Baada ya kufunga, usiiamini kazi yako. Zungusha mhimili kwa mkono huku mota imefungiwa nguvu, uangalie kama hesabu inapanda upande unaotakiwa kupanda. Ikikubali, peleka meza katikati ya njia yake, punguza mwendo, weka kidole juu ya kitufe chekundu, ndipo uwashe. Vidhibiti vingi vya siku hizi hugundua waya uliokatika. Visitegemewe kugundua waya uliogeuzwa.

Sasa unyoofu. Adui wa kwanza wa kisahani ni kukaa nje ya kitovu. Chukueni kisahani ambacho mistari yake iko milimita 20 kutoka kitovuni, kikakaa pembeni kwa sehemu moja ya mia ya milimita. Kosa lake hufika sekunde 103 za pembe. Mtu atasema ni kidogo. Kifungwe basi kwenye meza ya kuzunguka, utoboe tundu milimita 300 kutoka katikati: tundu litakosea milimita 0.15, na kipande hicho kitatupwa. Ubaya ni kwamba kosa hili hupanda na kushuka mara moja katika kila mzunguko. Fundi akizungusha meza mzunguko kamili na kukuta imerudi sifuri, hufurahi bure; sifuri itarudi daima. Apime kila nyuzi 30 njiani. Kwenye kazi kubwa hufungwa vichwa viwili vya kusomea vinavyotazamana, kila kimoja upande wake, na wastani wao hufuta kosa hilo.

Mhimili wenyewe upimwe kwa saa ya kupimia kabla ya kugusa enkoda. Kama unayumba, kioo hakiwezi kuunyoosha. Na enkoda yenye mhimili wake iunganishwe kwa kaplingi inayonyumbuka. Nimeona watu wakichonga kipande cha chuma kigumu mahali pake kwa kubana matumizi. Beringi za enkoda hufa baada ya muda mfupi, na kifaa kipya ni ghali kuliko kaplingi.

Kwa rula ya kioo habari ni tofauti kidogo. Watu huhangaika kuinyoosha wakidhani kupinda kutaharibu kipimo. Hesabu haisemi hivyo: rula ya mita moja ikipinda kwa milimita nzima, kipimo hukosea nusu ya maikroni tu. Sababu ya kuinyoosha hadi sehemu ya kumi ya milimita, au kama mtengenezaji alivyoagiza, ni nafasi ndogo iliyopo kati ya kichwa na kioo. Ikibadilika njiani, alama hufifia, na mwishowe kichwa hukwaruza kioo. Kibano cha usafirishaji kinachoshika kichwa kisitolewe mpaka skrubu zote zimekazwa.

Kosa kubwa zaidi liko mahali pa kufunga. Ernst Abbe wa Jena alifundisha mwaka 1890 kwamba kipimo kiwe katika mstari mmoja na kinachopimwa. Rula ikiwa milimita 100 kando ya kisu, na meza ikainama sekunde 10 tu za pembe, umeshapoteza karibu maikroni 5, na enkoda haitakuambia.

Na joto letu je? Vipimo vya dunia vilikubaliwa mwaka 1931 kuwa vya nyuzi 20 za sentigredi. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 32, chuma cha mita moja hurefuka karibu maikroni 140, na kioo cha kawaida karibu 96. Wanaofunga rula asubuhi na kupima saa tisa alasiri wasimlaumu mtengenezaji.

Usafi nitaupitia haraka. Kioo kisishikwe kwa vidole. Kifutwe kwa spiriti safi na kitambaa kisichotoa nyuzi. Petroli huacha utando na inaweza kuharibu gundi. Midomo ya mpira ya rula iliyofunikwa itazame upande ambako maji ya kupozea hayarushwi. Wala msipulizie midomo hiyo hewa ya kompresa, maana mnasindika vumbi la chuma ndani, na mengine huruka machoni. Hewa safi na kavu, ya msukumo mdogo, iingizwe kupitia tundu lake maalumu.

Mwisho, kwa mwenye osiloskopu, na ambaye enkoda yake hutoa mawimbi laini: ziweke alama mbili, moja dhidi ya nyingine, na kioo kisogezwe polepole. Mkiona duara safi, kichwa kimekaa sawa. Likiwa kama yai, kimeinama au nafasi si sahihi. Likinywea mahali fulani na kupanuka pengine, tafuteni uchafu hapo.

Nimeleta enkoda mbili, moja nzima na moja iliyopasuka, ziko mezani karibu na mlango. Ya pili mnaweza kuishika mnavyotaka. Ndugu Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali.