Maua ya Kitulo



Uwanda wa Kitulo, Makete, uko juu sana, kama mita 2,600. Mvua zikianza Novemba, majani yote yanajaa maua mpaka Aprili. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu, na kweli pamestahili.

Yako maua yaitwayo okidi, aina zaidi ya 40. Shida ni viazi vyake. Watu walivichimba wakaviuza Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Kiazi kikichimbwa, mmea unakufa. Mwaka 2005 pakawa hifadhi ya taifa.

Je, mgeni mwenye simu apigeje picha? Aende asubuhi, jua halijawa kali. Apige magoti, simu ilingane na ua. Upepo ukivuma, angoje. Na magoti hayo jamani, yasilalie maua mengine!