Mkenya na Mtanzania: nani anaishi vizuri?

Ripoti ya maendeleo ya binadamu ya Umoja wa Mataifa ya 2025 inaiweka Kenya juu yetu Watanzania: pato kubwa zaidi, miaka mingi zaidi ya shule. Humo humo, Mtanzania anatarajiwa kuishi miaka 67, Mkenya takriban 64. Mimi naegemea uhai. Mvutano huo wa pato na uhai upo kwingine pia: India na Bangladesh, kwa mfano, zimefungana nafasi ya 130 katika ripoti hiyo. Mhindi ana pato kubwa kidogo, Mbangladeshi anaishi zaidi.

Lakini wastani wa taifa haumfikii mkulima wa miwa wa Ruhembe, hapa Tanzania. Shamba limeshachomwa tayari kwa mavuno, lori la kubeba miwa halijaja. Muwa uliochomwa hupungua sukari kila siku unapolala shambani, na malipo ya mkulima yanategemea uzito na utamu wa muwa huo.